Natafuta jalada la talaka ya wazazi wangu katika Mahakama ya Mwanzo: nianzie wapi?

BintiWaKati:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kwa jambo linaloninyima usingizi tangu baba yetu alipofariki mwezi wa tatu.

Wazazi wangu walifikishana mahakamani nikiwa na umri wa miaka saba hivi, kati ya mwaka 1993 na 1995, katika mahakama ya mwanzo moja ya Mkoa wa Tanga ambayo sitaitaja. Mama alitueleza maisha yake yote kwamba hakimu alivunja ndoa, akampa yeye nyumba ya vyumba viwili na baba akabaki na shamba la michungwa. Aliishi katika nyumba hiyo hadi alipofariki mwaka 2011, na baba hakumsumbua hata siku moja. Sasa ndugu zetu wa mama mwingine wameiorodhesha nyumba ile kuwa sehemu ya mali ya marehemu baba, kwa sababu risiti za kodi zina jina lake, nasi hatuna karatasi yoyote inayosema vinginevyo.

Nilisafiri kutoka Mwanza hadi kwenye mahakama hiyo. Karani alifungua kitabu cha mwaka 1994, akapitisha kidole kurasa kadhaa, akaniambia kwamba bila namba ya shauri hawezi kunisaidia, na kwamba majalada ya miaka hiyo huenda yameliwa na mchwa. Katika sanduku la mama nimepata nusu karatasi tu, imechapwa kwa taipu na ina mhuri wa duara wa Baraza la Kata wa Juni 1993, ikisema kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha wanandoa hawa. Sijui kama ina faida yoyote.

Je, mimi niliye mtoto tu, wala sikuwa mdai wala mdaiwa, ninaruhusiwa kuomba nakala ya hukumu? Niombe kwa njia gani? Na ikiwa jalada limepotea kweli, haki ya mama imepotea nalo?

KaraniMstaafu:

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Nimefanya kazi ya masijala miaka mingi katika mahakama za mwanzo, kwa hiyo nitakueleza jinsi vitabu vyetu vilivyokuwa vikiandikwa, maana mtu asiyejua mpangilio wake anaweza kupita juu ya jina analolitafuta bila kuliona.

Kwanza, itunze hiyo nusu karatasi kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka mgogoro upelekwe kwanza mbele ya bodi ya usuluhishi wa ndoa, kazi ambayo kwenu ilifanywa na Baraza la Kata, na mahakama haikupokea maombi ya talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, mpaka bodi hiyo ithibitishe kwamba imeshindwa kuwapatanisha. Maana yake ni kwamba shauri la mama yako halikufunguliwa kabla ya Juni 1993. Wengi walikwenda mahakamani ndani ya miezi michache baada ya kupewa hati hiyo, kwa hiyo kitabu cha kuanza nacho ni cha mwaka 1993, kuanzia Juni na kuendelea. Karani alikufungulia cha 1994 kwa kukisia tu.

Pili, usitafute kwenye kitabu kimoja. Kuna mahakama zilizokuwa na rejista ya mashauri ya ndoa peke yake, na kuna nyingine zilizoyaandika pamoja na madai ya kawaida, talaka ikifuatiwa na deni la mahindi na ugomvi wa ng'ombe. Omba kuonyeshwa zote mbili.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, fikiri juu ya jina. Aliyefungua shauri huandikwa kwanza, naye akiwa mwanamke, mara nyingi aliandikwa kwa jina la baba yake, si la mumewe. Aidha, karani aliandika jinsi alivyosikia, hivyo Salehe na Saleh ni mtu mmoja, Shabani na Shaaban ni mtu mmoja, na kuna majina yaliyoanza kwa "Bi" au yaliyotiwa "Binti" katikati. Andika kwenye karatasi namna zote ambazo jina la mama na la baba lingeweza kuandikwa, uende nayo.

Kitabu kikikupa namba na rafu isikupe jalada, usikate tamaa, kwa sababu rufaa inapokatwa, jalada la mahakama ya chini huitishwa na mahakama ya juu, na si yote yaliyorudishwa yalikotoka. Ulizia masijala ya mahakama ya wilaya. Tena kumbuka kwamba mipaka imebadilika. Mtu wa Maramba aliyefungua shauri wakati huo alihesabiwa kuwa wa Wilaya ya Muheza, ilhali leo Maramba iko Wilaya ya Mkinga.

Mchwa wapo, sikatai, nimewaona kwa macho yangu wakila rafu nzima. Lakini neno hilo pia husemwa na mtu asiyetaka kupanda ngazi.

MtuWaBarabaraTano:

Dada, mimi ningekushauri umtafute mtu wa ndani umpe chochote, kazi itakwisha siku hiyo hiyo.

KaraniMstaafu:

Ndugu yangu, ushauri huo utamletea hasara. Nakala iliyopatikana kwa mlango wa nyuma itakuja bila kumbukumbu ya maombi wala ya malipo, na upande wa pili ukihoji ilikotoka atakosa la kujibu. Malipo yote ya mahakama hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, anayelipa hupata stakabadhi, na stakabadhi hiyo ni sehemu ya ushahidi wake.

WakiliMdogo:

Naungana na mzee wetu, na ninaongeza upande wa sheria.

Kuhusu swali lako la kwanza, dada, hukumu ya mahakama si siri ya wadaawa, yaani mdai na mdaiwa, peke yao, ila masijala ina haki ya kutaka kujua wewe ni nani na unaihitaji kwa nini. Ambatisha nakala ya cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha majina ya wazazi wote wawili, cheti cha kifo cha mama na kitambulisho chako. Hivyo vitakutosha kuomba. Kuitetea nyumba kwa niaba ya mama ni jambo jingine. Mali ya marehemu husimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mtoto hawezi kudai kwa jina la mama yake kwa sababu tu ni mtoto. Ikiwa tangu mwaka 2011 hamkufungua mirathi ya mama, fungueni sasa. Kama mambo yake yalikuwa ya kimila au ya Kiislamu, mahakama ya mwanzo inatosha. Fanyeni kikao cha ukoo, mteueni mmoja wenu, na mahakama ikiridhika itampa Fomu Na. 4, ambayo ndiyo barua ya usimamizi.

Wakati huo huo usisahau kwamba wewe ni mtoto wa baba pia, kwa hiyo una nafasi yako katika mirathi yake bila kusubiri chochote. Weka pingamizi la maandishi dhidi ya nyumba hiyo kuingizwa kwenye orodha ya mali, na umwombe hakimu anayesikiliza mirathi aagize jalada la shauri la ndoa liletwe mbele yake. Ombi la hakimu kwa masijala lina uzito kuliko la mtu aliyesafiri kutoka Mwanza. Fanya hivyo kabla msimamizi hajafunga hesabu zake.

Barua yako iwe fupi na imwendee hakimu mfawidhi, yaani hakimu anayeiongoza mahakama hiyo, si karani. Kwa mfano: "Mimi ni mtoto wa marehemu aliyekuwa mdai katika shauri la ndoa lililofunguliwa katika mahakama yako kati ya Juni 1993 na Desemba 1995. Naomba rejista za miaka hiyo zipekuliwe, na nipatiwe nakala zilizothibitishwa za hukumu, tuzo na mwenendo wa shauri. Majina ya wadaawa, na namna nyingine yanavyoweza kuwa yameandikwa, ni kama ifuatavyo." Peleka nakala mbili, wagonge mhuri wa kupokea kwenye ya kwako. Omba vyote vitatu, kwa sababu tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, inaweza kusema tu kwamba ndoa imevunjwa na mali imegawanywa, wakati maelezo ya nyumba ipi na shamba lipi yamo ndani ya hukumu au ushahidi ulioandikwa kwenye mwenendo.

Wasipoipata hapo, tafuta pia mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi kana kwamba shauri lilifunguliwa huko. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Ndoa kinaziruhusu zote, pamoja na Mahakama Kuu, kusikiliza mashauri haya, na si ajabu mtoto wa miaka saba kukumbuka jengo lisilo lenyewe.

Mwisho, usiogope ikiwa hukumu itasema mama hakuchangia fedha. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Hakimu wa mwaka 1993 alikuwa na uamuzi huo mbele yake.

MamaWaPacha:

Mimi jalada letu lilipotea kweli. Hakimu mfawidhi alitupa barua ya kuthibitisha kwamba limetafutwa na halikuonekana, kisha mahakama ikaagiza liundwe upya kutokana na nakala zilizokuwa mikononi mwa watu. Sisi tuliokolewa na shemeji, aliyekuwa ametunza nakala ya hukumu ndani ya msahafu. Kwa hiyo waulize wajomba na mama wadogo, kwa sababu siku ile mama hakwenda mahakamani peke yake. Ulizia RITA pia, wakala wa serikali wa usajili, kwani talaka ya mahakama inapaswa kusajiliwa huko.

Mkwakwani88:

Kwa wasomaji ambao mashauri yao ni ya Dar es Salaam, tangu mwaka 2021 mambo ya ndoa na mirathi yanashughulikiwa Kituo Jumuishi cha Temeke, kwa hiyo ulizieni hapo pia msiishie mahakama ya zamani.

BintiWaKati:

Shikamoo mzee KaraniMstaafu, na ninawashukuru nyote. Nimerudi Tanga wiki iliyopita, na naona ni haki yenu kujua kilichotokea.

Barua nilimpelekea hakimu mfawidhi mwenyewe, pamoja na karatasi yenye namna tisa za kuandika jina la mama. Aliisoma, akamwita karani mwingine, mama mtu mzima, akamwagiza atoe rejista zote mbili za mwaka 1993. Katika ile ya ndoa hatukuona kitu. Katika ile ya madai, kwenye kurasa za Septemba, tulilikuta jina la mama limeandikwa kwa wino wa bluu uliofifia, likifuatiwa na jina la babu yangu mzaa mama, ambalo sikuwa nimelisikia likitamkwa tangu nikiwa mdogo. Safu ya aina ya madai iliandikwa "talaka na mgawanyo wa mali". Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na maneno mawili: "rufaa, wilaya".

Sikujua kabisa kwamba baba alikata rufaa. Mama hakulisema hilo kamwe, na nimelifikiria usiku kucha.

Siku ya pili nilikwenda mahakama ya wilaya nikiwa na namba mkononi. Jalada lipo. Limefungwa kwa uzi, jalada la mahakama ya mwanzo likiwa ndani ya la rufaa, na hukumu zote mbili zimeandikwa kwa mkono. Sikuruhusiwa kuondoka nalo wala kulipiga picha, nami sikubishana. Nimepewa namba ya malipo, nimelipia nakala za hukumu zote mbili, tuzo na mwenendo, na nimeambiwa nirudi Alhamisi ya wiki ijayo. Pingamizi limepokelewa, limepangiwa tarehe, na kikao cha ukoo cha kumteua msimamizi wa mirathi ya mama kitafanyika Jumamosi.

WakiliMdogo, nina swali moja limebaki: ikiwa hukumu ya rufaa ilibadilisha mgawanyo, lakini baba akamwacha mama akae katika nyumba ile miaka yote hiyo bila kudai kitu, nitasimamia lipi mbele ya hakimu?

WakiliMdogo:

Usinijibu wala usimjibu mtu yeyote kuhusu hilo, dada, mpaka uisome hukumu ya rufaa mstari kwa mstari, hasa amri za mwisho. Angalia pia kama kuna maombi ya kukaza hukumu, yaani ya kuitekeleza, yaliyoambatishwa nyuma ya jalada, kwa sababu hayo ndiyo yatakayoonyesha nani alikabidhiwa nyumba na lini. Ukishazipata nakala Alhamisi, uje na tarehe zote tuzipange pamoja.