Mjadala: Ofisi za kaunti zikusanywe chini ya paa moja, au tuachiwe vyumba vyetu vya wadi?

Mleta mada

Hodi wadau. Nina swali linalonikera tangu Ijumaa, nalileta hapa tulichambue.

Novemba 2013 Rais Uhuru Kenyatta alifungua Huduma Centre ya kwanza, kituo cha huduma nyingi za serikali chini ya paa moja, pale GPO (Posta Kuu) Nairobi. Wa rika langu wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Kitambulisho kimepotea, unaanzia polisi kuchukua abstrakti, unatumwa jengo la pili, la pili linakutuma la tatu, na huko unakuta koti la karani limetundikwa kitini, mwenyewe kaenda chai tangu saa nne. Huduma ilikuja na namba za foleni, viti vya kukalia, na kaunta zilizopangwa kama za benki. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaipa tuzo ya utumishi wa umma. Leo vituo vimepita 50 na hakuna kaunti iliyokosa. Sifa hiyo siipingi, mimi mwenyewe nimefaidi.

Sasa kuna wanaosema kaunti nazo zifuate njia hiyo. Leseni za biashara, afisa wa kilimo, ardhi, basari, ushuru wa soko, yote yaingizwe jengo moja, na vyumba vya wadi vifungwe ili kodi na mishahara ipungue. Mimi ni mtu wa kaunti ya Kwale, huku pwani. Tuna wadi 20. Aliye Vanga akiambiwa shughuli yake iko Kwale mjini, atoke hadi Lunga Lunga, apande gari la Ukunda, ashuke Kombani, kisha apandishe mlima. Jioni arudi vivyo hivyo.

Lakini umbali si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kwamba tumeunganisha madirisha, hatukuunganisha sahihi.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kaunta moja ya serikali, mahali sitapataja. Foleni ilikuwa nusu saa tu, na binti wa kaunta alimwamkia kwa heshima. Kisha akamwambia: leta barua ya chifu. Tukarudi nyumbani. Chifu yuko barazani, rudini kesho. Barua ikapatikana, tukaenda tena, tukaambiwa jina la kati halilingani na la kwenye kadi ya kliniki, turudi kwa chifu. Safari tatu. Ukumbi ulikuwa safi, kiyoyozi kinapuliza, na shangazi amekopa nauli kwa jirani.

Watu wa Kwale tunajua uzito wa sahihi moja. Wamakonde wa huku Msambweni waliishi miongo kadhaa bila vitambulisho. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi, na ni baada ya hapo ndipo serikali ilipowatambua. Wakati huo Huduma Centre ilikuwa na karibu miaka mitatu nchini. Hata ungeweka kaunta mia, aliyepaswa kusema ndiyo hakuwa nyuma ya kaunta yoyote.

Kwa hiyo nauliza: kaunti zikijenga kumbi kabla ya kupunguza karatasi, si tutakuwa tumehamisha tu mahali pa kuzungushwa?

Fundi wa Ukunda

Mleta mada, heshima yako, lakini hivyo vyumba vya wadi unavyovililia mimi navijua. Changu kilikuwa kinafunguliwa siku mbili kwa wiki, na siku ya kwanza karani hana stempu. Miezi minane nimekaa na kufuli karibu na nyumbani. Nitaita hiyo huduma?

Halafu kuna jambo hujaligusa. Kwenye chumba cha karani mmoja, mlango ukifungwa, unajua kinachofuata: "sasa bwana, tutasaidiana vipi?" Kwenye ukumbi wenye watu arobaini wanaotazama, na namba yako imeandikwa ukutani, mkono unaona haya kunyooka. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kujenga ukumbi. Nauli ya Kwale ni ndogo kuliko nilichokuwa nalipa bila risiti.

Mama Kinango

Fundi kaka yangu, wewe uko Ukunda, kando ya lami. Hesabu yako ya nauli isije ikawa hesabu ya kila mtu. Kwetu kuna watu wanaolipa bodaboda hadi barabarani kabla hata ya kuanza kuhesabu nauli ya matatu. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mbuzi nyumbani hawezi kwenda na kurudi halafu akute jioni bado ipo.

Someni Katiba, Kifungu cha 6(3): chombo cha serikali ya kitaifa kihakikishe huduma zake zinafikika kwa kiasi cha kuridhisha kila sehemu ya nchi. Ikiwa serikali kuu iliyoko Nairobi imefungwa na sharti hilo, kaunti iliyoletwa kwa jina la ugatuzi itatuambia nini ikitufungia cha wadi?

Lakini la kufuli nimelikubali. Na kwetu liko.

Kijana wa Saiba

Jamani mnabishania majengo mwaka huu? Juni 2023 serikali ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, tovuti yake ya kuombea na kulipia huduma. Simu yako ndiyo ukumbi.

Nimeandika hivyo makusudi niwachokoze, maana ukweli naujua mimi ninayekaa nyuma ya kompyuta. Mtu anakuja, hana barua pepe, namfungulia. Nywila anasahau kabla hajafika mlangoni, kwa hiyo nina daftari la nywila za watu, na sijivunii. Anailipa serikali ada ya huduma, juu yake ada ya mfumo, halafu ananilipa mimi. Julai 2023 mfumo uliposhambuliwa na wadukuzi, wateja walinikasirikia mimi, kana kwamba ni mimi nimeuzima. Mimi ndiye Huduma Centre ya mtaa wangu, ila bila mshahara na bila kiapo. Anayesema mtandao umemaliza mjadala huu aje akae kwenye kiti changu siku moja.

Mwalimu Mstaafu

Vijana wangu, jambo hili si geni duniani. Jimbo la Bahia kule Brazili lilianza vituo vya aina hii mwaka 1995, São Paulo wakafuata 1997. Bahia waliweka vituo ndani ya maduka makubwa, penye watu tayari, kisha wakapakia huduma kwenye malori na kuyapeleka miji ya mbali. Sisi nasi tuna Huduma Mashinani, maafisa wanakuja na mahema. Tatizo lake ni kwamba inakuja kama mvua ya vuli: ukiisikia, imeshapita kijiji cha jirani.

Ningekuwa na sauti, ningesema ukumbi ujengwe mmoja, lakini uwe na miguu. Siku ya soko ya kila mji inajulikana tangu enzi za babu zetu. Kaunta zifuate soko, tarehe ziandikwe ukutani kwa mwaka mzima, na afisa asiyefika akatwe posho.

Mleta mada

Shikamoo Mwalimu. Hilo la siku ya soko nimelichukua. Fundi, na la macho ya watu arobaini nimelichukua pia. Nilikuja hapa nikiwa mpinzani, sasa nimebaki na sharti moja gumu na jingine jepesi.

Gumu: kaunta yoyote ndani ya ukumbi isiruhusiwe kumdai mwananchi karatasi inayotolewa na kaunta nyingine ndani ya ukumbi huohuo. Makarani waendeane wenyewe, ni hatua kumi tu. Na msimamizi wa wadi awe na meza na muhuri humohumo.

Jepesi: chumba cha wadi kisifungwe mpaka kaunta za sokoni zimezunguka mwaka mzima bila kukosa.

Fundi wa Ukunda

Nakubali. Ila shangazi yako alikwama kwa barua ya chifu, na chifu si mtu wa kaunti. Ni wa serikali kuu. Gavana anaweza kumwekea kiti, hawezi kumwamrisha akikalie.

Mleta mada

Hapo ndipo nilipokwama tangu Ijumaa, kaka. Nimemwandikia MCA wangu, mwakilishi wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti, nikimwuliza kama bunge la kaunti linaweza angalau kuacha kudai barua hiyo kwa huduma zake lenyewe, leseni na basari. Zile za kitaifa tutazifikia baadaye. Hajajibu.

Mama Kinango

Akijibu tuwekee hapa. Na wakija kutukusanyia maoni kuhusu jengo hilo, nitahudhuria. Mradi mkutano wenyewe wasiuitishe Kwale mjini.