Tumelipia sayansi kwa Kiswahili, tunaletewa "uchumba wa mawe"

Wanajamvi, salaam.

Mwezi uliopita nilipandisha kifurushi cha king'amuzi changu kwa sababu moja tu: kampuni inayonihudumia, ambayo sitaitaja, ilitangaza kwamba makala zake za sayansi sasa zinasimuliwa kwa Kiswahili. Nina binti wa darasa la sita ambaye maswali yake huanza kabla ya chai ya asubuhi, nikaona heri fedha ziende huko kuliko kwenye tamthilia. Jumapili tuliketi kutazama makala ya nyayo za Laetoli, alama za miguu ambazo viumbe wa kale wa jamii ya binadamu waliziacha kwenye majivu ya volkano, jambo la kwetu kabisa, la Ngorongoro, na nilichokisikia ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Picha, niseme kweli, zilikuwa za hali ya juu. Kamera ilishuka taratibu hadi kwenye nyayo zenyewe, ukaona kisigino kilivyozama na kidole gumba kilivyolala sambamba na vingine, utadhani ni mtu aliyepita shambani jana baada ya mvua. Hapo ndipo msimulizi, kwa sauti nzito ya kujiamini, alipotuambia kwamba umri wa nyayo hizo ulipatikana kwa "uchumba wa mawe". Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia: "wanasayansi walichumbia majivu ya volkano". Binti yangu akanigeukia: "Baba, mawe yanachumbiwaje?"

Kosa lenyewe ni hili: Kiingereza kina neno moja, "dating", linalotumika kwa kukadiria umri wa kitu na kwa miadi ya wapenzi, na aliyetafsiri, awe mtu au mashine, alichukua maana ya pili bila kutazama kilichokuwa kinazungumzwa. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maelezo yaliyopotea hapo ndiyo matamu kuliko makala nzima. Majivu ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwamba unaotoa majivu hayo ukiwa bado umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishapoa na kuganda, gesi inayozaliwa hunaswa humo ndani. Kwa hiyo ukipima agoni iliyokusanyika na potasiamu iliyobaki, unajua mwamba ulipoa tangu lini, na kwa Laetoli jibu ni kati ya miaka milioni 3.6 na 3.7. Nimeyaeleza haya kwa sentensi chache za Kiswahili, nami ni fundi wa majokofu, si mwanajiolojia (ingawa nakiri kwamba kazi yangu ya kila siku ni kufukuzana na gesi zinazotoroka).

Kisha maandishi yaliyopita chini ya picha yakasema "miaka 3,600 iliyopita". Milioni imeliwa. Binti akachukua kalamu: piramidi kubwa ya Giza ina miaka 4,500 hivi, basi kwa hesabu ya makala hii viumbe hao walitembea Laetoli karne tisa baada ya piramidi kukamilika. Mtoto wa darasa la sita amelibaini akiwa kwenye mkeka. Studio nzima haikulibaini.

Sitarefusha kuhusu "waigizaji wa nyayo" wanaosemekana kuhifadhiwa katika makumbusho ya Olduvai, ambao ni nakala ya nyayo hizo tu (kwa Kiingereza "cast", neno ambalo pia ni kundi la waigizaji), wala kuhusu Mary Leakey, mwanamama mtafiti aliyeongoza uchimbaji wa nyayo hizo mwaka 1978, kuitwa "bwana" mara mbili.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanishauri nibonyeze kitufe cha lugha nirudi kwenye Kiingereza. Yaani nimeongeza fedha ili nisikie Kiswahili, halafu naambiwa dawa yake ni kukikimbia!

Na asije mtu hapa kunieleza kwamba Kiswahili hakina istilahi. TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lipo tangu 1967. Tena kosa hili halikuhitaji hata kamusi; angepatikana mtu mmoja anayejua Kiswahili akaisikiliza makala mara moja kabla ya kurushwa, uchumba huo ungevunjwa palepale studio.

Ninachodai ni kwamba makala hiyo iondolewe, isimuliwe upya na kurushwa tena pamoja na masahihisho ya wazi, na sisi tuliopandisha vifurushi kwa ajili ya tangazo lao turudishiwe tofauti ya mwezi huu. Kama nawe umekutana na makosa ya namna hii, yaandike hapa pamoja na siku na saa uliyoyasikia. Nitayakusanya niyapeleke ofisini kwao kwa barua. Mimi nitaendelea kutazama nikiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa Jumapili ijayo ni zamu ya Bonde la Ufa, na tangazo limekwisha kutuahidi kwamba tutaoneshwa "jinsi sahani za Afrika zinavyopasuka".