Amplifaya ya gitaa imekata sauti: nitengeneze au ninunue nyingine?

Mpiga Solo
Wakuu, habari za jioni. Amplifaya ya kwaya yetu imegoma kutoa sauti. Fundi anataka laki moja na nusu, na kuna jamaa anauza iliyotumika kwa laki nne. Jumapili ya mavuno imekaribia. Nishike lipi?

Fundi Lehemu
Mkuu, hapo bado hujasema kitu. Ni ya valvu (zile taa za kioo za zamani) au transista? Taa inawaka? Ukiwasha, spika inatoa "tup" au kimya kabisa? Ilizimika ikipigwa? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Binti Besi
Na kebo umejaribu nyingine? Kebo ndiyo ya kwanza kushukiwa, siku zote.

Mpiga Solo
Transista, wati 50, spika moja ya inchi 12. Taa inawaka, "tup" naisikia kwa mbali. Kebo nimebadilisha, na gitaa kwenye miksa linalia. Umeme ulikatika tukiwa mazoezini, uliporudi ikawa kimya. Nyuma ina matundu mawili, Send na Return, hatujawahi kuyatumia.

Fundi Lehemu
Anza na hayo matundu, ni ya kupitishia sauti kwenye vifaa vya efekti vya nje. Chomeka kebo fupi kutoka Send kwenda Return, kisha piga. Ndani ya Return kuna vibati viwili vinavyogusana pasipokuwa na kebo, na sauti hupita hapo. Vikishika kutu, sauti inakatikia hapo hapo na taa inaendelea kuwaka. Ikirudi, unahitaji dawa ya kusafishia kontakti. Isiporudi, chomoa umeme, toa waya za spika, upime kwa mita: ya omu 8 husoma 6 au 7 hivi. Isiposoma kabisa, koili imekatika, na hapo usikimbilie spika mpya. Huenda transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimepiga shoti zikapeleka DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) kwenye koili. Mpya nayo itaungua.

Mzee wa Ridhimu
Kijana, nunua nyingine. Ya bendi yetu ilikufa hivyo hivyo, tukapeleka kwa fundi, akabadilisha transista za mwisho, 2SC5200 na mwenzake 2SA1943. Mazoezini ikalia vizuri, tukamlipa. Siku ya harusi, nyimbo za taratibu zikapita salama. Tulipoingia kwenye sebene, harufu ya kuungua, moshi nyuma, kimya. Watu wako katikati ya ukumbi wanatutazama! Ikabidi gitaa lipite kwenye spika za ukumbi, halisikiki na wapigaji wenyewe. Fundi akasingizia umeme. Fundi wa pili akapasua transista moja: kile kipande cha ndani kidogo kama punje ya mchele. Feki. Spika nayo koili nyeusi tii. Tulilipa mara mbili.

Fundi Lehemu
Pole sana mzee, ila kosa ni vipuri feki, kutengeneza hakuna ubaya. Fundi makini huiwasha kwanza kupitia balbu ya nyuzi iliyofungwa kwenye njia ya umeme. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti bado ipo, na hakuna kinachoungua.

Binti Besi
Kwani lazima amplifaya? Kanisani tunapita kisanduku cha DI, kinachoweka sauti ya gitaa sawa na miksa, hadi miksa. Usichomeke gitaa moja kwa moja kwenye laini ya miksa, linapooza, makali yote yanapotea.

Mzee wa Ridhimu
Binti yangu, solo inataka spika yake mgongoni. Na ikiwezekana iwe ya valvu, ndiyo yenye sauti ya kweli.

Fundi Lehemu
Valvu ni tamu, mzee, ila asiifungue mwenyewe. Kapasita zake zinaweza kushika volti 400 na zaidi hata ukishachomoa. Mpiga Solo, hiyo ya laki nne imeandikwa volti ngapi nyuma? Kama ni ya Marekani, volti 120, ukiichomeka kwenye 230 yetu inaungua papo hapo. Utahitaji transfoma ya kushusha.

Mpiga Solo
Nimechomeka Send kwenda Return: sauti imetoka! Ila ndogo, na inakwaruza nikizungusha volumu. Volti nitamuuliza jamaa. Dada Besi, hicho kisanduku kinauzwaje Kariakoo?

Binti Besi
Vipo vya aina mbili. Kuchagua kunategemea gitaa: pikapu zake, vile vinasa sauti chini ya nyuzi, zinatumia betri?

Mzee wa Ridhimu
Na nyuzi unafunga namba ngapi? Nyepesi zinapunguza sauti pia.