Naomba ushauri: namba na alama za karata za taroti

Habarini ndugu zangu. Najifunza kusoma taroti, yaani karata za kubashiria, za mtindo wa zamani wa Marseille, na kwenye karata ndogo 56, zile za alama nne, nimekwama. Alama nne hazikunipa shida: vikombe, panga, sarafu na fimbo. Ndizo kopa, shupaza, uru na pau zetu za tangu utotoni, majina tuliyoachiwa na Wareno. Kwao copas ni vikombe, espadas ni panga. Nilifurahi sana kuligundua hilo!

Wengi husoma vikombe kuwa mapenzi, panga fikra na ugomvi, sarafu mali, fimbo kazi na ari. Shida yangu ni namba. Kwenye seti ya Rider-Waite ya mwaka 1909, ambayo kila karata ina picha ya tukio, tano ya vikombe ina mtu kainamia vikombe vitatu vilivyomwagika, viwili vimesimama nyuma yake. Maana unaiona. Yangu ya Marseille ina vikombe vitano na maua tu. Tena kwenye seti ile tano zote nne ni za dhiki au ugomvi. Kwa nini tano?

Mnaozisoma, mnaanza na namba au alama? Na moja hadi kumi mlizishikaje kichwani bila picha? Nielekezeni tafadhali.