Ushauri: nimekwama na vitabu vya wachoraji wa Renaissance, nimwamini nani?

Kibatari: Wakuu, salaam. Nasoma habari za wachoraji wa Italia wa Renaissance, ule mwamko wa sanaa wa zamani. Nilianza na Giorgio Vasari, yule aliyetoa kitabu cha maisha ya wasanii mwaka 1550, ila kila kitabu kingine ninachofungua kinampinga. Nishike lipi? Majibu ya haraka tafadhali, nimebanwa.

Mama Zuhura: Mwanangu, anza na picha, maneno baadaye. Dari la kanisa la Sistine kule Vatican lilimweka mchoraji Michelangelo toka 1508 hadi 1512, wewe unataka ulimalize wikiendi?

Fundi Rangi: Nilinunua kitabu cha mtumba chenye picha za Botticelli. Wife alipomwona Venus hana nguo, kitabu kikahamia juu ya kabati. Mpaka leo nakisoma kwa kuibia.

Ustaadh wa Mtaa: Na afadhali. Muda wa kutazama watu uchi mnao, wa ibada hamna.

Nyuki: Mleta mada, haraka ya nini? Vasari alishakufa tangu 1574. Funguka.

Kibatari: Haya. Nimeandika kipindi cha redio: mchoraji Andrea del Castagno anamuua rafiki yake na mchoraji mwenzake Domenico Veneziano kwa kumwonea wivu ujuzi wa rangi za mafuta. Vasari ndivyo alivyosimulia. Advansi nimeshachukua, na imeshaliwa.

Nyuki: Loh! Castagno alikufa kwa tauni 1457, Domenico akafa 1461. Marehemu alifufuka akaue?

Kibatari: Nimeshaliona hilo. Ila msikilizaji anataka kisa, tarehe za nini? Na aliyeeneza ni Vasari, mimi msimulizi tu. Watu wameamini karne na karne, leo niwe mimi wa kuhukumiwa?

Nyuki: Hata Michelangelo hakuridhika na alivyoandikwa na Vasari. Mwaka 1553 mwanafunzi wake Condivi akatoa maisha mengine ya mzee, na Vasari alipotoa toleo la pili 1568 akachota humo humo. Geuza kipindi: fungua na tauni ya 1457, halafu uliza ni nani aliyemsingizia marehemu. Hapo una kisa kitamu zaidi.

Kamusi ya Kijiweni: Hii ni chai, tena ya rangi. Redio gani Bongo inamlipa mtu kwa habari za Castagno? Huyu muuza vitabu, subirini atutajie bei.

Fundi Rangi: Bei gani kwani? Nataka cha Raphael, huyo nasikia alichora sana Bikira Maria, nyumbani kitapita.

Kibatari: Siuzi vitabu jamani!

Mama Zuhura: Basi weka picha ya mkataba, mwanangu, tuyamalize.

Kibatari: Tulikubaliana kwa mdomo.

Kamusi ya Kijiweni: Leteni vikombe.

Nyuki: Tuseme ni kweli. Utageuza au hugeuzi?

Kibatari: Wazo lako zuri sana mkuu. Tatizo tulisharekodi juzi, hadi kelele za Domenico akipigwa.

Fundi Rangi: Aliyepiga kelele ni nani?

Kibatari: Mimi.