Mjadala: Mahipi wa Berkeley wanastahili sifa gani kwenye fizikia ya kwanta?

Wakuu, kila kompyuta za kwanta (zinazotumia fizikia ya vitu vidogo mno, kama atomi na chembe za mwanga) zikitajwa, kuna mtu atadai kwamba fizikia ya kisasa iliokolewa na mahipi, wale vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 na 1970 waliokataa maisha ya kawaida. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Hiyo nusu nyingine ndiyo nataka tubishane.

Wanaosemwa ni kundi la Fundamental Fysiks, lililoanzishwa Berkeley, California, mwaka 1975 na Elizabeth Rauscher na George Weissmann. Ajira za wanafizikia Marekani zilikuwa zimeporomoka, na vyuoni ukiuliza kwanta maana yake nini uliambiwa kapige hesabu. Wao wakaing'ang'ania teoremu ya John Bell ya 1964, inayotoa njia ya kupima kama chembe zilizotenganishwa mbali zina uhusiano ambao fizikia ya kawaida haiwezi kuueleza; ilikuwa imepuuzwa na wengi. Tena wakaichanganya na telepathia (kusoma mawazo ya mtu) na Uri Geller, yule aliyedai kupinda vijiko kwa nguvu za akili! Hapo siwatetei hata kidogo.

Mashabiki wao humtaja John Clauser, mshindi wa Nobel 2022, kwa kuwa alikuwa akihudhuria vikao. Lakini jaribio lake na Stuart Freedman la kuipima teoremu ya Bell lilitoka 1972, kundi halijazaliwa. Sifa hiyo tuwaondolee.

Sifa yao halali mimi naiona kwa mwanakundi Nick Herbert, tena kwa kosa lake. Alibuni mtambo: chukua fotoni (chembe ya mwanga) moja kati ya mbili zilizofungamana, yaani ambazo vipimo vyake vinahusiana hata zikiwa mbali, ipitishe kwenye leza itoe nakala nyingi, kisha pima nakala hizo ujue mwenzako wa mbali amepima nini kwenye ya kwake. Ujumbe ungeushinda mwanga kwa kasi. Mwanafizikia Asher Peres, aliyepewa makala ya Herbert kuhusu mtambo huo aikague, alijua ina kosa ila akaipitisha, akiamini kulisaka kosa lenyewe kutazaa kitu. Kweli: mwaka 1982 Wootters na Zurek, na Dieks kivyake, wakaonyesha kwamba hali ya kwanta ya chembe usiyoijua hainakiliki, na hapo ndipo mtambo wa Herbert ulipokwama. Mwaka 1984 Bennett na Brassard wakatunga njia ya kupeana funguo za siri kwa fotoni. Kwa sababu ya kanuni hiyo, mdukuzi hawezi kuzinakili fotoni hizo akazipeleka mbele bila kuacha alama.

Najua jibu linalokuja: wazo hilo lingefika tu, na Herbert au bila yeye. Sawa, ila mwanafizikia James Park alishalithibitisha mwaka 1970, likachapishwa, hakuna aliyeshtuka. Anayeshikilia "lingefika tu" anieleze kwa nini lilikaa miaka 12 bila mtu kulihitaji, hadi hipi mmoja alipokosea hadharani.