Obama alifanya nini Springfield kabla ya Washington?

Jakondele: Wakuu, hapa Kondele kwa kinyozi tunabishana. Jamaa mmoja anashikilia kuwa Obama alitoka mitaa ya Chicago moja kwa moja hadi Seneti ya Washington. Mimi nasema alianzia bunge la jimbo la Illinois, huko Springfield, makao makuu ya jimbo. Je, aliacha sheria gani huko?

Nyar Nyalenda: Uko sawa, ndugu yangu. Aliingia Seneti ya Illinois Januari 1997, kusini mwa Chicago, akatoka 2004. Katikati, mwaka 2000, alimvaa Bobby Rush kwenye mchujo wa chama chao wa kiti cha Bunge la Wawakilishi kule Washington, akabwagwa vibaya.

Sheria ninayoithamini ni ya 2003: polisi wakimhoji mtuhumiwa wa mauaji, lazima warekodi mahojiano. Watu 13 waliokuwa wamehukumiwa kifo jimboni humo walikuwa wameshaachiliwa baada ya kuonekana walihukumiwa kimakosa, hadi Gavana George Ryan akasimamisha adhabu hiyo mwaka 2000. Polisi waliupinga mswada. Obama akakaa nao chini mpaka wakaukubali. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge.

Mimi huwasaidia mahabusu kuandika maombi yao. Kijana mmoja alinieleza alivyoamshwa saa nane usiku, akashikishwa kalamu, akatia sahihi karatasi ambayo hakusomewa. Sheria yetu ya Kenya inataka mtu akiri mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo asiyepeleleza kesi hiyo. Ni kinga nzuri, lakini saa nane usiku kamera ndiyo ingesema. Watu wakimsifu Obama kwa sababu ya Kogelo, kijiji cha baba yake, tu, roho huniuma.

Wa Milimani: Mbona husemi kura zake za "nipo"? Karibu mara 130 hakusema ndiyo wala hapana. Mwakilishi anatumwa akasimame!

Nyar Nyalenda: Hizo ni kati ya kura 4,000 hivi, kaka. Na kule mswada unahitaji ndiyo 30 kati ya viti 59, kwa hivyo "nipo" haiusaidii hata kidogo. Nakubali kuna nyingine angesema hapana waziwazi. Lakini vita vya Iraq alivipinga hadharani Chicago, Oktoba 2002, viongozi wengi wakiwa wamenyamaza.

Jakondele: Asante dada, jamaa amekubali. Na yule kijana?

Nyar Nyalenda: Hakimu aliikataa ile karatasi. Kesi bado inaendelea, ananiandikia kuuliza tarehe.